Koliflawa ya Kando ya Bafu

Kuna swali ambalo nimelibeba tangu mwaka 1994, nalo ni dogo kiasi kwamba naona haya kulitaja mbele ya watu wazima: ni nini hasa kilichozuia koliflawa za Mama mdogo Benigna zisitoe maua? Nimesomea kilimo. Nimewafundisha wengine namna ya kutafuta chanzo cha tatizo shambani. Na bado bustani moja ya Mjimwema, yenye urefu wa hatua ishirini na upana wa hatua tisa, imenishinda.

Nimezipanga hapa barua zetu za mwaka ule kwa tarehe zilizoandikwa. Tarehe za kufika zilikuwa jambo jingine, na sehemu ya kosa imo humo. Sikufuta maneno yangu yanayoniaibisha. Mama mdogo ameniruhusu kuyatumia ya kwake kwa sharti moja tu, kwamba nisiyasahihishe.

*

Morogoro, 26 Februari 1994

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Huku kwetu mume wangu Majaliwa amepona malaria na amerudi kazini, ingawa bado anavaa sweta mchana wa jua kali na wanafunzi wanamcheka. Mvua za hapa zimechelewa. Naomba unisalimie Mjomba Pankrasi na umwambie miwani yake nimeipeleka kwa fundi.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka tulivyoachana Januari. Kaka Saimon alisimama barazani akasema bustani ya marehemu Mama inakaa bure kando ya barabara, mji mzima unafungua maduka, na sisi tunalima figiri kama kila jirani. Nilipompinga alisema mbele ya ukoo: "Sawa, dada msomi. Misa ya Mama ni tarehe kumi na tano Agosti. Siku hiyo nionyeshe humo ndani zao moja ambalo mtaa huu hauna, nami nitanyamaza. Ukishindwa, Septemba nachimba msingi wa fremu za maduka." Wote wakakubali. Wewe ulikuwa jikoni, lakini najua ulisikia.

Nimefikiri sana, na nimechagua koliflawa. Baridi ya Songea ya Juni na Julai inaifaa, na hakuna aliyeipanda Mjimwema. Mbegu namkabidhi Ndugu Remmy, dereva wa lori. Zisie katika kitalu mara zikifika. Baada ya wiki nne au tano hamishia miche kwenye matuta yenye samadi iliyooza, ukiacha hatua moja kati ya mche na mche. Ua likitokea na kufikia ukubwa wa yai, yakusanye majani ya juu uyafunge kwa kitambaa ili jua lisilibadilishe rangi. Ni hayo tu. Bustani ya Mama imo mikononi mwako.

Mwanao,
Noela

*

Mjimwema, Jumapili ya Pasaka, 3 Aprili 1994

Mwanangu Noela,

Marahaba. Kristo amefufuka. Huku tu wazima isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeanza kutabiri mvua kuliko redio. Mjomba wako anauliza miwani. Amesoma somo la pili kanisani bila miwani, akarukaruka mistari, Padri akaishia kucheka.

Mbegu zilifika siku ya Mtakatifu Yosefu, nikazisia kesho yake. Zimeota karibu zote, miche sitini. Pakiti tupu nimeibandika ukutani chini ya picha ya Bikira Maria, kwa sababu ni nzuri, na watu wanakuja kuitazama. Jirani yetu mpya, Biasha, mke wa Abdul yule mnunuzi wa korosho, wametoka Namasakata, aliitazama mpaka akaweka mtoto chini. Akasema, "Bibi, wallahi mimi siwezi kula kitu kinachofanana na ubongo wa mbuzi." Nikamwambia hata mimi sijui kama naweza, lakini ni cha Noela.

Umeandika mambo mengi na nimeyasoma mara mbili. Jambo moja umelisahau. Hukusema majani yake yanaanza kuliwa lini.

Mama yako mdogo,
Benigna

*

Morogoro, 1 Mei 1994

Mama mdogo,

Shikamoo. Pole kwa goti. Miwani ya Mjomba iko tayari na itakuja na mtu wa kwanza nitakayemwamini. Sisi hatujambo.

Barua yako ilinifikia juzi, na nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kulijibu swali lako bila kukukosea heshima. Jibu ni kwamba majani hayaliwi. Sisemi kwamba yana sumu. Ukiyapika yanalika, pengine ni matamu. Nasema yasiliwe. Ua la koliflawa linalishwa na majani yake. Mche ulionyang'anywa majani hutoa ua la ukubwa wa kifungo cha koti, au hautoi kabisa. Nakusihi, Mama mdogo, mwaka huu tu, ukitaka mboga chuma figiri, chuma matembele, chuma majani ya maboga. Hiyo miche sitini iache kama ilivyo hadi Agosti.

Unajua kilichowekwa rehani hapa.

Noela

*

Mjimwema, 29 Mei 1994

Mwanangu Noela,

Marahaba. Biasha amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Aisha. Nimempelekea uji wa ulezi. Mjomba wako bado anauliza.

Barua yako ya Mei Mosi imefika tarehe ishirini na tano. Nilikuwa nimekwisha kuchuma mara nne. Usikasirike. Nilichuma ya chini tu, yale makubwa yanayolala udongoni, nikayapika kwa karanga. Mwanangu, hiyo ni mboga. Figiri haifui dafu mbele yake. Haiivi ikawa maji, inabaki na mwili. Tangu nizaliwe sijaona likolo, mboga ya majani, la namna hiyo, na ninyi huko chuoni mnayatupa mkala ua.

Umesema ya juu yafungwe kwa kitambaa. Nimeyafunga yote sitini kwa vipande vya kitenge changu cha zamani. Biasha alipotoka nje mara ya kwanza na kichanga chake akasimama uzioni, namaanisha pale ungekuwepo uzio, akaniuliza, "Bibi, hizi zote zinaumwa meno?" Tumecheka mpaka goti likasahau.

Sasa wewe unasema nisichume. Mimi naweza nisichume. Lakini wapo wanaokuja na bakuli. Mtu akipiga hodi akasema naomba mboga, na majani anayaona kwa macho yake yanapepea, nimwambie nini? Kwamba nasubiri ua? Tangu niingie nyumba hii na dada yangu akiwa hai, hakuna aliyeambiwa mboga hakuna huku mboga ipo. Huwa simchumii mtu. Namwambia ingia. Anaingia anachuma mwenyewe kadiri ya sufuria yake.

Mama yako mdogo,
Benigna

*

Morogoro, 12 Juni 1994

Mama mdogo,

Shikamoo. Hongera kwa jirani. Miwani ilikwisha kukabidhiwa kwa mtu aliyeshuka Makambako akabaki huko, nafuatilia.

Mama mdogo, nimeisoma barua yako nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi nikaisoma tena. Ulifunga majani ya mimea isiyokuwa na ua. Niliandika: ua likitokea na kufikia ukubwa wa yai. Nina nakala. Kuyafunga mapema ni kuunyima mche jua, na kuyachuma ni kuunyima chakula, kwa hiyo kwa sasa miche ya watu inafungwa na kunyimwa chakula kwa pamoja, kama mahabusu.

Tafadhali fungua vitambaa leo hii. Na uniambie jambo moja kwa uwazi: ni akina nani wanaochuma? Ni wangapi, na mara ngapi kwa wiki? Siulizi kwa ubaya. Nikijua idadi naweza kukadiria iwapo kuna miche ya kuokoa. Kama ni Biasha, nitamwandikia mwenyewe kwa upole. Kama ni wapita njia, Kaka Saimon aweke uzio. Ndiye mwenye nguvu, na sijamsikia akitoa msaada wowote tangu Januari. Au anafurahia tukishindwa?

Sipendi kuandika kwa sauti hii. Lakini nimebaki na miezi miwili.

Noela

*

Mjimwema, 10 Julai 1994

Mwanangu Noela,

Marahaba. Baridi imekuja na upepo wake. Asubuhi maji ya mtungini yanauma meno. Vitambaa nimefungua.

Biasha usimwandikie. Yeye hachumi kwa wiki hata mara moja, Abdul akienda Tunduru anarudi na samaki na wanatugawia sisi.

Saimon hajambo. Kila asubuhi anapita barabarani amevaa shati lake la kazini, lile la bluu, anashika njia ya Msamala, na jioni anarudi. Leticia mkewe hajambo. Analifua shati hilo kila baada ya siku mbili. Watoto wao wanne hawajambo, wanakula. Usiseme maneno mazito juu ya kaka yako.

Idadi sina. Sikujifunza kuhesabu watu wanaoingia bustanini.

Miche inaendelea. Ni mirefu, ina majani machache juu kama mnazi. Ua sijaona. Mmoja tu ndio wa kushangaza, ule wa kando ya bafu, mahali maji ya kuogea yanapotokea. Huo hakuna anayeugusa, nani atakula mboga iliyonyweshwa sabuni na taka za mwili? Basi umenenepa, majani yamejikunja yenyewe ndani, unakaa kama mama mjamzito anayeficha. Nitakwambia.

Benigna

*

Morogoro, 2 Agosti 1994

Kwa Kaka Saimon, Mjomba Pankrasi, na ukoo wote mtakaokutana baada ya misa ya marehemu Mama,

Salamu nyingi kwa kila mmoja kwa nafasi yake. Inanisikitisha kwamba nasimamia mitihani na sitaweza kuwa nanyi. Naomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya wote, ili nionekane nimesema wazi.

Kaka, uliomba zao, na huenda usilione. Kabla hujaamua, naomba upime sababu. Udongo wa Mama hauna kosa. Mbegu haina kosa. Kosa ni la mkono: majani yamekuwa yakichumwa tangu Mei, na mmea usio na majani hauwezi kutoa ua. Ushahidi upo. Mche mmoja kando ya bafu, ambao hakuna anayeuchuma, unastawi. Tofauti ni hiyo.

Kwa hiyo naomba msimu mmoja zaidi kwa masharti mawili. Kwanza, bustani izungushiwe uzio wenye mlango mmoja. Pili, Mama mdogo awataje mbele yenu hao wanaochuma kila siku, ili waombwe kwa heshima waache. Bila kuwajua hatuwezi kuilinda bustani.

Ndugu yenu,
Noela

*

Morogoro, 10 Agosti 1994

Mama mdogo,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, na naomba kama barua hii itafika kabla ya tarehe kumi na tano umwambie Kaka asiisome ile ya kwanza.

Jana nilimwonyesha mwenzangu mmoja, aliyewahi kusoma Uholanzi, pakiti nyingine ya mbegu kama zile nilizokuletea. Alisoma maandishi ya Kiholanzi ya nyuma akaniuliza nimezipanda wapi. Anasema aina hii ni ya nchi ambazo baridi yake inakaa miezi kadhaa bila kupungua. Katika baridi ya Songea ya wiki chache yaweza kukaa mwaka mzima ikitoa majani tu. Kwa maneno mengine, hata usingegusa jani moja, huenda pasingekuwa na ua. Maandishi hayo nilikuwa nayo tangu Februari. Sikuyasoma, kwa kuwa lugha yake siijui na picha ilitosha.

Lakini basi ule wa kando ya bafu? Unapata maji mara mbili kwa siku, unapata kivuli cha ukuta, na hauchumwi. Mambo matatu kwa pamoja. Nililichagua moja nikaliita ushahidi. Kama mwanafunzi wangu angeniandikia hivyo, ningemrudishia karatasi.

Noela

*

Mjimwema, 21 Agosti 1994

Mwanangu Noela,

Marahaba. Misa ilikuwa nzuri. Padri alilitaja jina la dada yangu vizuri safari hii, Adela, siyo Adelina.

Baada ya chakula walikaa barazani. Safari hii nilitoka jikoni nikakaa nao, kwa sababu barua ilinitaja. Saimon ndiye aliyeisoma. Alisimama amevaa shati la bluu. Alisoma vizuri mpaka pale kwenye mkono. Akasoma kwamba majani yanachumwa tangu Mei, sauti ikapungua. Akafika pale uliposema niwataje mbele ya wote. Akaishusha karatasi. Mjomba wako, ambaye hana miwani, akasema, "Soma, baba, sisi wengine hatuoni." Akasoma.

Basi wote wakanigeukia. Leticia alikuwa kwenye jamvi karibu na mlango, amempakata mdogo, anatazama kucha za mtoto.

Nikasema, "Nimekula mimi."

Mjomba wako akasema, "Benigna! Miche sitini, tangu Mei, peke yako? Ulikuwa na pembe?"

Nikasema, "Nilipenda."

Watu wakacheka sana. Mpaka leo wananiita mbuzi wa Mjimwema. Wasiocheka ni Saimon, na Leticia. Mwanamume aliyekula mboga ile ile kila jioni tangu Mei anaijua ladha yake, Noela, hata kama hakuuliza inakotoka. Aliikunja barua yako mara nne, akaiweka mfuko wa shati. Akasema, "Fremu basi. Bustani ibaki." Akatoka akaenda kusimama barabarani. Leticia akaamka akasema anakwenda kutazama maji jikoni. Maji yalikwisha kuepuliwa zamani.

Sasa nakwambia kwa kuwa hakuna tena cha kuficha. Kaka yako hana kazi tangu Aprili. Shirika limepunguza watu, naye alikuwa kwenye orodha. Hakumwambia mtu. Anavaa shati anakwenda Msamala, anakaa kwa fundi baiskeli mpaka jioni. Leticia alikuja kwangu wiki ya pili ya Mei, asubuhi kabla ya misa, na bakuli chini ya khanga. Akasema, "Mama mdogo, naomba mboga, na naomba usiseme." Nikasema ingia. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu yote. Alikuja kila asubuhi. Wewe ukawa unataka idadi.

Ule wa kando ya bafu ulikuwa umetoa. Ua la ukubwa wa ngumi mbili, jeupe kama maziwa. Nilikuwa nimelikata siku hiyo asubuhi, nimelifunika kwa ungo jikoni, nikisubiri Saimon aulize zao liko wapi. Ulipokwisha kusomwa ule ushahidi wako sikuweza kulitoa. Wangeuliza kwa nini hili limestawi na mengine hapana, na jibu lake lingekuwa limekaa kwenye jamvi.

Kesho yake nililipeleka kwa Leticia. Alifungua mlango nusu. Akasema, "Asante, Mama mdogo, sisi tumekwisha kula." Ilikuwa saa mbili asubuhi. Watoto walikuwa nyuma yake wananitazama. Nikarudi nalo. Nimelipika na Biasha. Halina ladha. Biasha ameonja akasema bora ubongo.

Tangu siku hiyo Leticia haji. Miche imesimama, majani yameanza kurudi, hakuna anayeyachuma. Bustani ninayo. Uliitaka ibaki na imebaki.

Benigna

*

Barua yangu ya tarehe 4 Septemba ilikuwa na kurasa nne. Sioni haja ya kuinakili yote. Kurasa tatu zilieleza kwa nini, kwa yale niliyoyajua wakati ule, hitimisho langu lilikuwa la haki. Mwisho wake ulikuwa hivi:

"...wala sidai kwamba nia njema inatosha. Niliuliza majina kwa kuwa nilidhani jina ni taarifa tu. Naomba unisamehe, na kama unaona inafaa, nimwandikie Leticia. Niambie pia, maana nimegundua sikuwahi kukuuliza: wewe mwenyewe ulitaka nini kwa bustani hii?"

*

Mjimwema, 16 Oktoba 1994

Mwanangu Noela,

Marahaba. Barua yako ya mwezi jana imefika, na ya Agosti ile ya haraka ilifika tarehe ishirini na sita Agosti. Nimezisoma zote. Hii ya mwisho ina kurasa nne na samahani moja, nayo imekaa chini kabisa kama chumvi isiyokorogwa. Lakini nimeikuta.

Leticia usimwandikie. Umeandika ya kutosha.

Saimon amejenga uzio. Hakuna aliyemwomba. Alikuja Jumatatu na mianzi begani, akafanya kazi wiki nzima, bila shati la bluu. Ameweka mlango mmoja kama barua ilivyosema. Ni uzio mzuri, sungura hapiti. Nilimpa chakula adhuhuri akala barazani, akasema mboga tamu, Mama mdogo. Nikamwambia ndiyo. Nasikia fundi baiskeli sasa anamwachia kazi za kuunga magurudumu.

Unaniuliza nilitaka nini. Swali zuri, limekuja na mvua za mwaka mwingine. Nilitaka watu waingie. Basi. Dada yangu alipoumwa miaka miwili, tulikuwa tunajua habari za mji kwa watu wanaoingia kuchuma. Sasa nina mlango wenye komeo, na mtu kupita pale lazima abishe hodi, niitikie, nitoke, nimwone. Wapo wasiotaka kuonwa.

Kwa hiyo niletee mbegu. Usiniletee nyingine zilizo bora. Nataka zile zile za Uholanzi zisizotoa ua. Nitapanda mstari mmoja nje ya uzio, upande wa njia ya kisimani, pale kila mwanamke wa mtaa huu anapopita na ndoo. Anayetaka atachuma anapita. Mimi nitakuwa ndani.

Goti linasema mvua wiki ijayo. Wahi.

Mama yako mdogo,
Benigna

Miwani imefika. Mjomba wako anasema ya kulia haioni.

*

Nilizituma mbegu wiki ile ile, pakiti mbili. Kwa mara ya kwanza sikuambatanisha maelekezo.

Nilikwenda Songea Juni iliyofuata. Mstari ulikuwapo nje ya uzio, miche ishirini na mitatu, mirefu, imebaki na majani machache juu kama mnazi, kama alivyoandika. Nilimwuliza Mama mdogo kama ni Leticia. Akasema majani yanapungua. Nikamwuliza tena. Akasema Mjimwema ina mbuzi pia. Kesho yake niliamka mapema, nikakaa kwenye kiti kando ya dirisha la upande wa kisima. Alipita nyuma yangu na kikombe cha chai, akalivuta pazia, akaniwekea chai mkononi. Nilisikia hatua za watu njiani, na ndoo. Sikuweza kujua za nani.

Saimon na mimi tunaongea vizuri, juu ya magurudumu na watoto. Sijawahi kumwuliza kama aliiacha bustani kwa sababu ya aibu, au kwa sababu mtu asiye na kazi hajengi fremu. Huenda hata yeye hajui, na kumwuliza kungekuwa ni kumtaka tena asome kwa sauti.

Kuhusu lile swali langu la mwanzo, njia ya kulimaliza naijua. Ni kupanda miche ishirini ya mbegu ile, katika baridi ya Songea, kumi ichumwe na kumi isiguswe, yote ikipata maji sawa na kivuli sawa. Baada ya miezi minne ningejua kama ni mkono wa Mama mdogo au ni mbegu yangu. Jaribio hilo sijalifanya. Ningependa kusema nilikosa nafasi, lakini pakiti ninayo mezani ninapoandika haya, na miezi minne nimekuwa nayo kila mwaka.